Ndugu wa Mgonjwa

“Nani huyo? Nataka mtu anioneshe kwa kidole! Nani aliyejiita mtoto wa mama yangu?”

Hapo ndipo tulipomwacha Mgeni, msomaji wangu: kasimama katikati ya wodi ya wanawake, mashine ya presha mkononi, na mlangoni lile jibaba lenye kofia iliyojaa mafuta ya gereji limeziba njia. Najua wiki nzima umenisema vibaya kwa kukukatia pale. Haya, tuendelee, maana hata yeye mwenyewe bado hajapumua.

Kwa aliyeungana nasi leo, nitasema mara moja tu. Mgeni ni mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho. Chuo chake kiko nchi nyingine, na kilimleta hapa na wenzake wawili wajifunze kazi kwa mikono badala ya vitabu. Wenzake wakahamishiwa hospitali kubwa ya mjini, yeye akabaki. Hakuna aliyejisumbua kushika jina lake. Wakamwita Mgeni, naye akaitika.

Jibaba la mlangoni ni fundi wa matairi. Mama yake analala kitanda cha pembeni kabisa, ndiyo maana wodi nzima inamwita Mama wa Kona. Kisukari kilimla mguu wa kushoto hadi ukaoza, na sasa mguu huo umekatwa chini ya goti. Aliyesimama mbele ya chumba cha upasuaji akasema “mimi ni mwanawe, kateni” alikuwa Mgeni.

“Wewe baba!” Sista Kengele, mkuu wa wodi, alitoka nyuma ya meza yake. Jina la Kengele hakupewa bure. “Hapa wagonjwa wanalala. Kama unatafuta pa kupigia kelele, stendi iko kule!”

“Sinyamazi, Sista! Nimefika getini nauliza hali ya mama, naambiwa eti binti yake alishakubali akatwe. Binti gani? Mama yangu alizaa mara moja tu, akafunga duka!”

“Labda ni wa baba yako,” mgonjwa mmoja akasema kutoka chini ya shuka. “Hawa wanaume hawaaminiki.”

Wodi ikaangua kicheko. Mgeni peke yake hakucheka. Mpira wa mashine ya presha aliukamata kwa nguvu mpaka ukapumua wenyewe.

“Mwanangu yupo hapo,” sauti ikatoka kona. “Anapima watu presha. Mwacheni afanye kazi.”

Kicheko kikakatika. Mama wa Kona alikuwa amejiinua kwa kiwiko, macho yake mekundu ya homa yakimwangalia Fundi.

“Mama, mwanao ni mimi,” Fundi akasema.

“Na wewe pia. Karibu.”

Sista Kengele akageuka taratibu. Alimtazama Mgeni kwanza miguuni, kisha usoni, na safari hii hakupaza sauti. “Mgeni, niambie si wewe.”

“Ni mimi, Sista.”

“Uwiii!” Sista akashika kiuno. “Umeniua. Umejiua na mimi umeniua.”

* * *

Unauliza kwa nini binti wa watu mwenye akili zake aliingiza mkono kwenye moto hivi? Basi nisikilize.

Hospitali hii ina utaratibu wake. Mgonjwa akifikishwa kwenye chumba cha upasuaji, nesi hufungua mlango na kuita, “Ndugu wa mgonjwa!” Kwenye benchi la nje anasimama mtu, anajitaja ni nani wake, anasema neno. Hata mgonjwa akubali mwenyewe, bila neno la ndugu Daktari Msumeno hagusi kisu.

Daktari huyo zamani alikata mguu wa mtu aliyedhaniwa hana kwao. Mguu ulipokwisha kuzikwa, ndugu wakachipuka kila upande, wakamburuza mahakamani miaka na miaka. Tangu hapo akaapa kwamba hakati tena bila ndugu.

Mama wa Kona alisukumwa hadi pale, nesi akaita, hakusimama mtu. Akarudishwa wodini. Akapelekwa tena, nesi akaita mpaka sauti ikamkwaruza. Akarudishwa tena. Mguu nao haukuwa na subira. Harufu yake ilikuwa imeshahamisha wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Kuna jambo jingine, na hili Mgeni hakumwambia mtu. Saa za kuona wagonjwa, kila kitanda kinazungukwa na watu wake: shangazi huyu, wifi yule, watoto wanagombania kukaa miguuni. Kitanda cha kona hakikuzungukwa na mtu. Na Mgeni, akitoka kazini, chumba chake kule nyuma ya stoo kilikuwa na kitanda, ndoo, na bomba linalodondosha maji. Unaweza kuzungumza na bomba kwa muda gani?

Akaanza kuja kona na chai yake na mkate. Siku ya kwanza alisema anapima sukari. Siku ya pili hakusema kitu, akavuta stuli.

“Hizo nywele utaziachia mpaka lini?” Mama wa Kona alimuuliza jioni moja. “Huna mtu wa kukusuka?”

“Sina, Mama.”

“Kaa chini hapa.”

Akamsuka upande mmoja wa kichwa, vidole vikitetemeka kwa homa lakini mistari imenyooka. Upande wa pili akasema atamalizia kesho. Kesho yake hakuweza kuinua mkono. Tangu siku ile Mgeni anatembea na mtandio kichwani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, kwa sababu hapa hakuna anayejua alikuwaje kabla.

Kwa hiyo nesi alipofungua mlango na kuita kwa mara nyingine tena, na benchi zima likatazama sakafu, Mgeni alivua koti lake jeupe na kusimama.

* * *

Ofisini, Daktari Msumeno alikuwa anaosha mikono. Ni mtu mfupi, miwani kwenye ncha ya pua, na akiosha mikono huwa haongei. Fundi hakujua hilo.

“Huyu ni tapeli, Daktari! Mtu anavua koti lake jeupe, analisokomeza chini ya benchi, anajifunga mtandio vizuri, anasimama anasema ‘mimi mwanawe’! Angekuwa na nia njema angejificha?”

Daktari akafunga bomba. “Ni kweli?”

“Ni kweli, Daktari,” Mgeni akajibu.

Lakini kuna kitu kilimgonga kichwani. *Chini ya benchi.* Hakumwambia mtu habari ya koti. Sista hakujua, nesi wa mlangoni hakuliona, na Mama wa Kona alikuwa tayari ndani. Benchini walikuwepo watu wasiomjua, kila mmoja na shida yake. Na mwisho kabisa kulikuwa na mwanamume mmoja aliyefunika uso kwa kofia, ambaye Mgeni alidhani amelala.

Akaitazama kofia ya Fundi.

“Mguu ule ulistahili kukatwa,” Daktari alikuwa anasema. “Hilo sibishi. Lakini mimi nilikata kwa neno la ndugu, kumbe ndugu si ndugu. Mama yule angenifia mezani, leo ningekuwa wapi?”

“Angefia wodini akisubiri, Daktari.”

“Usinijibu!”

Daktari akavuta taulo.

“Gari la hospitali linakwenda mjini leo hii. Uwe ndani yake. Ukiondoka kimya, chuo chako nitakiambia umeugua, utamalizia mazoezi kwingine. Lakini nikikuona tena kwenye mlango wa chumba changu cha upasuaji, naandika kila kitu kama kilivyo, na udaktari utakuwa unausikia redioni. Tumeelewana?”

Miaka yote ile ya kukesha na vitabu ilikuwa imewekwa juu ya meza, kando ya kipande cha sabuni. “Tumeelewana, Daktari.”

Fundi alikuwa ameshinda kesi. Ajabu ni kwamba alitoka ameinamisha kichwa.

* * *

“Kaka, ngoja kidogo.”

“Sina la kuzungumza na wewe.” Fundi hakugeuka. Alikuwa ameshafika nusu ya ukumbi.

“Koti umelijuaje?”

Miguu ikasimama.

“Koti gani?”

“Lililokuwa chini ya benchi. Nani amekwambia?”

“Watu wanasema.”

“Watu gani hao?”

Fundi akavua kofia, akaigeuzageuza, akaivaa tena.

“Ulikuwepo,” Mgeni akasema. “Mwisho wa benchi. Nilidhani umelala.”

Mwanamume mzima, mikono mipana kama sinia, midomo ikaanza kumcheza.

“Kila walipoita ulikuwepo?”

“Nilikuwepo.”

“Ukasikia wanatafuta ndugu yake?”

“Nilisikia! Mimi si kiziwi, nilisikia!” Kisha sauti ikamshuka. “Baba aliingia mlango uleule. Tumbo. Nesi akaita, mimi kijana, najiona mwanamume, nikaruka juu. Nikasema mimi ni mwanawe, mpasueni. Hakutoka. Mama hakunilaumu hata siku moja, na bora angenilaumu. Sasa nikilisikia lile neno miguu inakataa. Si kwamba sitaki, dada. Inakataa kabisa.”

Mgeni alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira kila mahali akaikosa. “Sasa kwa nini umekuja kunishtaki?”

“Kwa sababu ulisimama.” Fundi akajipangusa pua kwa kiganja. “Mtu baki! Humjui hata kwao ni wapi! Ukasimama tu, kama mtu anayekwenda kuchota maji. Kila nikivua tairi nakuona. Kila nikilala nakuona. Nikaona afadhali nije nipige kelele, pengine nitapumua.”

“Umepumua?”

“Hapana.” Akamsogelea. “Usimwambie mama. Nakuomba, nakushika miguu yote miwili. Aamini nilikuwa kazini mbali. Akijua nilikaa pale nikamwacha arudishwe, nitaishi vipi?”

Mlango wa ofisi ulikuwa bado wazi. Hatua chache tu, Mgeni angerudi kwa Daktari akasema: ndugu wa kweli alikuwepo siku ile, na hakukataa. Pengine mzee angelegea. Pengine begi lisingefungwa kabisa.

“Sitamwambia,” akasema, akaenda kufungasha.

Najua, msomaji, unanirushia gazeti. Hata mimi nilimpigia kelele, hakunisikia.

* * *

Kufungasha kwake hakukuwa kazi. Nguo zilijaa nusu ya begi. Kikombe alikiacha, si chake. Alikaa kitandani akasikiliza maji ya bomba yakidondoka, kisha akampigia shangazi yake, ndiye aliyemlea.

“Hallo? Shangazi?”

“Ee, mwanangu, hujambo? Mzima? Nitakupigia, nina wageni hapa.”

“Shangazi, narudi…”

Simu ilikuwa imeshakatwa. Akaishika sikioni kidogo hivihivi, halafu ujumbe ukaingia. Moyo ukaruka. Kampuni ya simu ilimshukuru kwa kuwa mteja wake mpendwa.

Akacheka peke yake, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia. Alilia kwa kwikwi, mdomo ameziba kwa mtandio, ingawa nyuma ya stoo ile hakukuwa na mtu wa kumsikia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kisha akanawa uso, akabeba begi, akaenda kuaga.

“Umefungasha,” Mama wa Kona akasema kabla hajafika.

“Nani amekwambia?”

“Wodi hii hata ukipiga chafya watu wanajadili. Kaa chini nikumalizie nywele. Utaendaje kwa watu na kichwa nusu?”

Mgeni akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Akavua mtandio. Vidole vya mama vikaingia kwenye nywele, vimepoa kuliko siku ile. Wagonjwa wa vitanda vya mbele wakajifanya wamelala, wakawaachia kona yao.

“Mwanangu amekwambia alikuwa wapi siku zile?”

“Kazini, Mama. Mbali.”

“Uongo hujui. Ukidanganya unaongea haraka.”

Mgeni akaukunja mtandio mapajani.

“Nilimwona,” Mama wa Kona akasema, vidole vikiendelea. “Mtu akilazwa kwenye machela anaona dari na anaona benchi, basi. Ile kofia nimeifua mimi mpaka rangi ikatoka. Ningeisahauje?”

“Ulijua?” Mgeni akataka kugeuka, akarudishwa kichwa. “Na hukusema kitu?”

“Niseme nini? Nimwite kwa jina mbele za watu, nimuaibishe? Baba yake aliingia mle. Nilikuwa najua kilichomkalisha. Siku ya kwanza nikamwona amejikunja tu. Siku ya pili nikamwona ameinua kisigino. Nikajiambia, mwanangu anakuja, labda kesho.” Akavuta pumzi. “Kesho yake ukasimama wewe.”

Maneno yale yalimwingia Mgeni taratibu, na yalipofika chini akahisi baridi. Alidhani amemwokoa mtu asiye na mtu. Kumbe mama alikuwa na mtu wake, kakaa benchi lilelile, na yeye akamrukia nafasi.

“Nisamehe, Mama. Sikujua.”

“Nikusamehe nini? Ungechelewa ningekuwa udongoni. Sikulaumu hata kidogo. Ila niahidi jambo moja. Wakija kuita tena kwa ajili yangu, usisimame.”

“Hawataita tena. Mguu umeshakatwa, unapona.”

“Niahidi.”

“Hata wakiita tena na tena?”

“Wakiita mpaka wachoke. Kaa. Mwache asimame mwenyewe, la sivyo atakaa benchi lile maisha yake yote.”

“Naahidi, Mama.”

Vidole vikasuka mstari mmoja. Vikaanza wa pili. Vikasimama.

“Mama?”

Mkono ukamdondokea begani, mzito. Mgeni akageuka, na alichokiona kikamwinua mzima: shuka lote la chini lilikuwa jekundu.

* * *

“Sista! Sistaaa!”

Alikuwa ameshafunua. Kidonda cha kigutu kilikuwa kimefumuka kwa usaha uliojificha ndani, na damu inatoka kwa kuruka. Akakandamiza kwa viganja vyote viwili, uzito wake wote juu.

“Usiondoe mikono!” Sista Kengele alikuja na machela kwa kasi, jeuri yote imemtoka. “Mgeni, nakwambia usiondoe!”

Wakakimbia hivyo ukumbi mzima, manesi wanasukuma, Mgeni anakwenda upande upande huku ameng’ang’ania kigutu. Mtandio ulibaki sakafuni wodini. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji Sista akaingiza mikono yake mahali pa mikono ya Mgeni, machela ikapita, mlango ukajifunga.

Akabaki nje, damu imemfika kwenye viwiko.

“Wewe!” Daktari Msumeno alikuwa anakuja mbio, kofia ya upasuaji mkononi. “Nimekwambia nini mimi?”

“Naondoka, Daktari.”

“Gari liko nje linakusubiri!” Akapita, mlango ukajifunga tena.

Alitakiwa aondoke hapo hapo. Begi lilikuwa limeletwa na mfagizi, limewekwa ukutani. Mgeni akajifuta mikono kwa pindo la nguo, akakaa benchi, dakika moja tu, asikie mama amepona au la. Na alipoinua macho akamwona Fundi. Alikuwa mwisho wa benchi, kofia usoni.

Mlango ukafunguka.

“Ndugu wa mgonjwa!” Nesi alikuwa anahema. “Ndugu wa Mama wa Kona! Daktari anasema safari hii ni juu ya goti, na hakati mpaka ndugu aseme. Ndugu wa kweli!”

Mgeni akakalia mikono yake. Aliikalia hasa, viganja chini ya mapaja, maana miguu ilikuwa inataka kwenda yenyewe. Fundi hakutikisika.

“Ndugu wa mgonjwa! Jamani, mtu anamwaga damu humu!” Macho ya nesi yakatua kwa Mgeni. “Wewe si ndiye uliyesimama siku ile? Si mtoto wake?”

Akazidi kuikalia mikono yake.

“Hapana,” Mgeni akasema. “Mimi si ndugu yake.”

Nesi akamsonya, akarudi ndani. Pale benchini, kisigino cha Fundi kikainuka, kikatua, kikainuka, kikatua.

Mgeni alikuwa ameahidi kutosimama. Hakuahidi kutoongea. Akajivuta kwa kukaa, kidogo kidogo, mpaka bega lake likagusa la Fundi.

“Alikuona,” akanong’ona.

Kofia ikanyanyuka.

“Tangu siku ya kwanza alikuona. Aliitambua kofia. Alikuona ulivyoinua kisigino, akasema mwanangu anakuja. Hajakasirika hata chembe. Anakungoja wewe.”

“Akifa?” Fundi akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto. “Nikisema kateni, akafa?”

“Sijui, kaka. Nisikudanganye. Lakini ukikaa atakufa tu, na atakufa anakungoja.”

Mlango ukafunguka kwa kishindo. “Ndugu wa mgonjwa! Kwa mara ya mwisho!”

Benchi likalia. Fundi alisimama kwa vipande, kwanza mgongo, halafu magoti, mkono mmoja umeshika ukuta. Kofia ikamdondoka, akaiacha palepale.

“Mimi hapa,” akasema. “Ni mwanawe. Mwambieni akate.”

“Njoo basi umshike mkono, hatulii!” Nesi akamvuta, mlango ukawameza wote wawili.

* * *

Ukumbi ukawa kimya.

Mgeni akaiokota kofia, akaipangusa, akaiweka vizuri juu ya benchi mahali Fundi atakapoiona. Moyoni alikuwa na furaha, tena ya kweli. Mama amempata mwanawe. Lakini furaha ile ilikuwa ya watu wengine, na yeye alikuwa anaichungulia kwa nje, kama alivyochungulia vitanda vya wenzake saa zote za kuona wagonjwa. Akajipapasa kichwa. Mstari mmoja mpya, wa pili umeishia njiani, na nywele zilizobaki zimesimama ovyo.

Nje, dereva akapiga honi.

Akabeba begi. Akaanza kwenda. Alikuwa ameshapita dirisha la dawa aliposikia mlango nyuma yake.

“Ndugu wa mgonjwa!”

Hakugeuka. Mgonjwa wake alikuwa ameshapata ndugu. Hawa walikuwa wanamwita mtu mwingine.

“We! We mwenye nywele nusu! Unakwenda wapi?”

Akageuka. Nesi alikuwa ameuzuia mlango kwa mguu, barakoa imemshuka kidevuni.

“Mama wa watu amekataa nusukaputi,” nesi akasema. “Kaka mtu kashika mkono mmoja, mkono wa pili kauning’iniza hewani. Anasema ana watoto wawili na anamwona mmoja tu. Anauliza wa pili yuko wapi.”

Ndani, sauti ya Daktari Msumeno ikanguruma, “Unaongea na nani hapo mlangoni?”

Nje, honi ikalia tena, ndefu.

Mgeni akarudi mpaka kwenye benchi. Akalisukuma begi chini yake, palepale alipowahi kulificha koti.